Kifaa kikishapima, mimi nifanye nini? Maoni yetu watu wa mazoezi tiba kuhusu vihisi mwendo

(Hii niliiongea mbele ya wenzangu wa mazoezi tiba na vijana wa uhandisi wa vifaa tiba. Wengi wameiomba, nimeiandika hivyohivyo kama nilivyoongea.)

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu habari za asubuhi, na ndugu zetu wa uhandisi karibuni sana, tena sogeeni huku mbele maana mengi nitakayosema yanawahusu nyie.

Nimepewa muda niongelee vihisi mwendo, yaani vile vifaa vidogo vya kuvaa, vinafungwa kwenye kifundo cha mkono, kiunoni au kwenye kifundo cha mguu, vinapima mgonjwa anavyojongea siku nzima. Na nimeambiwa niseme hasa sisi tunaoshika wagonjwa tunavionaje. Nimefurahi kuulizwa, kwa sababu kawaida tunaletewa kitu kimeshakamilika, kina jina, kina boksi lake zuri, halafu tunaulizwa tu kama tumekipenda.

Niseme msimamo wangu mapema ili tusipotezane huko mbele. Mimi navitaka. Navitaka sana, kwa sababu kuna sehemu moja ya kazi yetu hatuioni kabisa, nayo ni maisha ya mgonjwa akishatoka mlangoni kwetu. Lakini ukweli ni kwamba wengi wetu tukiletewa hivi vifaa vinaishia kwenye droo, na tusisingiziwe kwamba tunaogopa mashine, sisi tumekaa na mashine za umeme na za ultrasaundi miaka yote. Shida ni kwamba kifaa kinatupa namba halafu kinatuacha nazo. Nikishaambiwa kwamba mama huyu jana mkono wake wa kulia umejongea kiasi hiki, sasa mimi nifanye nini? Nibadilishe zoezi gani? Nimwambie nini binti yake anayemwangalia nyumbani? Hilo swali ndo hotuba yangu yote ya leo.

Tuanze na tulichonacho. Kliniki zetu nyingi tunapima kwa saa ya simu, tepu, goniomita (ile rula ya kupimia pembe ya kiungo) na macho yetu. Mgonjwa anatembea mita 10 unachukua muda, au anainuka kwenye kiti, anatembea mita 3, anageuka, anarudi, anakaa. Vipimo rahisi hivi jamani msividharau. Kasi ya kutembea peke yake inaongea mengi, Jacquelin Perry na wenzake kule Marekani mwaka 1995 walionyesha kwamba mtu aliyepata kiharusi akitembea chini ya mita 0.4 kwa sekunde, kwa kawaida huyo ni mtu wa kuzunguka ndani ya nyumba, kati ya 0.4 na 0.8 anatoka nje ila kwa mipaka, akivuka 0.8 ndo anaweza kuzunguka mtaani kama watu wengine. Sasa iangalie namba hiyo vizuri. Ukishaipata unajua cha kufanya. Mwenye 0.3 siwezi kumpangia mazoezi ya kupanda daladala wiki hii, namfanyia kazi ya kutoka kitandani mpaka chooni bila kuanguka, na naongea na familia waondoe lile zulia la mlangoni. Imepatikana kwa tepu na simu, na imeniambia kazi yangu ya kesho. Kifaa cha bei mbaya kinachonipa grafu ya mistari mitatu ya rangi bado hakijanifikisha hapo.

Sasa kwa nini bado nasema navitaka?

Mgonjwa akiwa mbele yetu anajitahidi. Anajua anaangaliwa, na wengi wanatuheshimu mno, wanataka kutufurahisha, kwa hiyo ule mkono uliopooza ataunyanyua mpaka jasho limtoke, na sisi tunaandika kwenye faili kwamba anaendelea vizuri. Akifika nyumbani mkono unarudi mapajani, chai anainua kwa ule mzima, shati anavishwa. Edward Taub, mwanasaikolojia wa Marekani, alilieleza hili zamani sana, kwamba mtu anajifunza kabisa kutoutumia mkono wake, kwa sababu kila akiujaribu unamwangusha na wa pili upo, basi anazoea, na mazoea yale yanabaki hata baada ya nguvu kuanza kurudi. Halafu akina Catherine Lang wa Chuo Kikuu cha Washington pale St. Louis wakaja kulipima kwa vihisi. Walichukua watu waliopata kiharusi zamani kidogo, miezi 6 na kuendelea, wakawafanyisha mazoezi ya mkono siku 4 kwa wiki kwa wiki 8, makundi yakapewa dozi tofauti, kuna walioandaliwa marudio 3,200 kwa jumla, wengine 6,400, wengine 9,600. Kwenye vipimo vya kliniki mkono uliongezeka uwezo. Wakaangalia na vihisi walivyovaa mikono yote miwili kwenye maisha yao ya kawaida, na majibu wakayatoa mwaka 2017: huko nyumbani hakuna kilichobadilika. Mkono ulikuwa unaweza zaidi ila hautumiki zaidi.

Mimi hili liliniuma, na nadhani lituume wote. Maana yake faili letu linaweza kuwa linasema kweli na bado maisha ya mgonjwa yakawa palepale. Na bila kile kifaa kwenye mikono yake hakuna hata mmoja wetu angejua, kwa sababu ukimuuliza "unautumia mkono nyumbani?" atakujibu ndiyo daktari, tena kwa moyo mweupe.

Na kuna lingine la Lang na wenzake, mwaka 2009, walikaa wakahesabu mgonjwa wa kiharusi anarudia mara ngapi kazi halisi ya mkono kwenye kipindi kimoja cha tiba, wakakuta wastani ni mara 32. Wakati kwenye utafiti wa wanyama ambao ndo tunauegemea tukisema ubongo unajipanga upya, marudio yanafika mamia kwa siku. Thelathini na mbili! Na hiyo ni kule, kwenye hospitali zenye watu na vifaa. Kwa hiyo kifaa kinachohesabu kina kazi ya kufanya hata hapa ndani kwetu, kutuonyesha sisi wenyewe dozi tunayotoa.

Sasa nije kwenye malalamiko, na haya nayasema kwa niaba ya wengi kwa sababu tumekuwa tukiyaongea kwenye korido miaka mingi.

La kwanza muda. Benchi limejaa, wengine wametoka mbali alfajiri, na wewe unaniambia nichaji kifaa, niwashe, nifungue programu, bluetuthi ikatae, nizime niwashe tena, niingize jina la mgonjwa upya kwa sababu programu haiongei na mfumo wa hospitali, halafu mwisho nipate kurasa za data ambazo hakuna aliyenifundisha kuzisoma. Dakika zile nimemnyang'anya mgonjwa. Zilikuwa dakika za mikono yangu kwenye bega lake. Mhandisi akiniambia ni dakika 10 tu namuelewa, ila kwangu mimi dakika 10 ni nusu ya tiba ya mtu.

La pili mkanda. Hapa naomba mnisikilize kwa makini vijana. Mtu amepooza mkono wa kulia, kifaa unataka kikae mkono wa kushoto pia, nani anakifunga? Nimemwangalia mzee mmoja akijaribu, ameshika ncha ya mkanda kwa meno, anavuta, kifaa kinazunguka kinaangalia chini, anakibana kwenye paja ili kisikimbie, anavuta tena, mkewe anataka kusaidia anamzuia kwa macho tu, na mwisho kile kitundu cha mkanda kimeingia sicho, kimelegea, kinacheza. Mzee yule hakukivaa tena na simlaumu. Halafu mkono uliopooza mara nyingi unavimba na mara nyingi hausikii vizuri, kwa hiyo mkanda ukibana hajui, na ngozi inachubuka kimyakimya. Mtu mzima mwenye kisukari juu ya kiharusi, unajua kidonda kwake kina maana gani.

La tatu, kifaa kinaona mwendo, hakioni kazi. Mchukue mama anayesonga ugali. Mkono mzima umeshika mwiko, mkono mgonjwa umeshika sikio la sufuria kwa kitambaa, umeikaza isizunguke. Ile kazi ya mkono mgonjwa pale ni kubwa kuliko zoezi lolote nililompa, wenzetu wa okupesheno therapia, wale wanaomrudisha mgonjwa kwenye kazi zake za kila siku, wakiiona wanapiga makofi. Kihisi kinasema nini? Kinasema mkono ule umelala, kwa sababu haujongei. Mpeleke sasa huyohuyo mama atembee kwenda kwa jirani, mkono unaning'inia tu, unabembea na mwili, kifaa kinahesabu matumizi. Mpandishe daladala kwenye barabara ya mashimo, kifaa kinahesabu. Na ukikifunga kiunoni kuhesabu hatua, mgonjwa anayetembea polepole anaburuza mguu hatua zake nyingi zinapotea, kwa sababu ule mtikisiko wa kiuno unaotafutwa haupo, ndo maana kwa watu wetu kifundo cha mguu ni mahali pazuri zaidi. Hivi vitu mhandisi asiyewahi kukaa na mgonjwa hawezi kuvijua, na sio kosa lake.

Niseme kidogo na mambo ya ndani ya kifaa maana tunaulizwa tunaamini kiasi gani. Kuna kinachopima mwendo unavyoongezeka na kupungua pamoja na mvuto wa dunia, kuna kinachopima kasi ya kuzunguka, na vingine vina dira. Kile cha kuzunguka makosa yake madogo yanajumlishana na kadri muda unavyokwenda kinapotoka, na dira inachanganywa na chuma, sasa vitanda vya wodini ni chuma na ukutani kuna nondo. Kwa hiyo mtu akiniambia kifaa chake kinanipa pembe ya goti nyuzi kwa nyuzi kutwa nzima, namuuliza maswali mengi. Akiniambia kinanipa saa ambazo mkono umejongea na saa ambazo haukujongea, hapo naketi tuongee.

Na hapo ndo ninapotaka tufike. Maana Lang na wenzake walipima pia watu wazima wasio na tatizo, wakakuta kwa siku mikono miwili inatumika karibu sawa, uwiano wa saa za mkono usiotawala (kwa wengi ni wa kushoto) kwa ule unaotawala ni kama 0.95. Hiyo namba naipenda. Ukivaa viwili, kimoja kila mkono, daladala linaitikisa mikono yote, sehemu ya uongo ule wa barabara inajifuta kwenye uwiano. Mgonjwa akija na 0.3 na kwenye kipimo cha kliniki mkono wake una uwezo mzuri, mimi nimeshajua kazi yangu: huyu hana haja ya mimi kumuongezea nguvu, huyu ana haja ya sisi wawili kukaa tukachagua kazi tatu za nyumbani ambazo kuanzia leo mkono ule lazima uingie, kufungua bomba, kushika sufuria, kubeba ndoo tupu. Akija na 0.3 na mkono wenyewe hauna kitu, hiyo ni tiba nyingine kabisa. Namba ileile, maamuzi mawili tofauti, na yote nayajua. Hiyo ndo namba.

Lakini tusidanganyane kwamba kumuonyesha mtu namba kunamponya. Kuna utafiti uliitwa SIRRACT, matokeo yalitoka 2015, hospitali 16 kwenye nchi 11, wagonjwa wa kiharusi wakiwa bado wodini wamevalishwa vihisi kwenye vifundo vya miguu. Kundi moja liliambiwa kasi yake ya kutembea tu, kundi la pili likaongezewa ripoti za shughuli za siku kutoka kwenye vihisi. Mwisho wa yote makundi hayakutofautiana. Kuna waliokata tamaa na vihisi waliposoma ule utafiti, mimi nimeusoma tofauti, naona unatuambia kwamba ripoti nzuri bila kubadilisha tiba yenyewe ni karatasi. Wenye kubadilisha ni sisi, na kama siku ya tiba wodini imeshapangwa dakika hizi na hizi, hata ukimuonyesha mgonjwa grafu ya dhahabu atapata dakika zake zilezile.

Kati yetu wenyewe hatukubaliani, na niseme hivyo waziwazi. Wapo wakubwa zetu wanaosema mkono wa mtaalamu hauna mbadala, na wako sahihi, hakuna kihisi kinachosikia ule ukakamavu wa msuli ukiunyoosha haraka na ukagoma, hakuna kihisi kinachojua kwamba leo huyu mama hafanyi vizuri kwa sababu kuna jambo nyumbani. Wapo wadogo zetu wanaopenda skrini kuliko goti, nao nawaomba waanze na goti. Halafu lipo kundi linalofurahi likisema "sasa tutawakamata wanaosema wamefanya mazoezi kumbe hawajafanya". Hili sikubaliani nalo hata kidogo. Mgonjwa hajaja kwetu kukamatwa. Mama aliyeambiwa afanye mazoezi mara tatu kwa siku, ana wajukuu, ana kuni, ana maumivu ya bega, hajafanya, basi kifaa kinisaidie kujua saa ngapi ya siku mkono wake unakuwa na uhai tuyaweke mazoezi pale. Siku ile mgonjwa akihisi kile kifaa ni askari, atakifunga kwa mtoto akimbie nacho uwanjani, na atakuwa na haki.

Na hofu yetu nyingine ambayo haisemwi sana: kwamba wasimamizi watazitumia data hizi kutupima sisi. Mgonjwa hajaongezeka hatua, basi mtaalamu mvivu. Hili lizungumzwe kabla vifaa havijafika.

Mgonjwa naye ana siri zake. Kifaa kinachovaliwa usiku na mchana kinajua analala saa ngapi, anaamka mara ngapi, ametoka nyumbani au hajatoka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi hapa Tanzania tunayo tangu 2022 na ilianza kutumika Mei 2023, Kenya wana ya kwao ya 2019, kwa hiyo hakuna kisingizio. Mgonjwa aambiwe kwa Kiswahili cha kawaida nini kinarekodiwa, kinakaa wapi, nani anakiona, na akisema sitaki tiba yake iendelee vilevile bila kununiwa. Mwenye bima asije akasomewa hatua zake ili akatiwe huduma. Mtoto wa nje anayetuma hela asipewe ripoti ya mama yake bila mama kukubali.

Sasa kwa nini nayabeba haya kwa uzito. Ule mradi wa kuhesabu kiharusi uliofanyika wilaya ya Hai kule Kilimanjaro na Dar es Salaam, ulioanza 2003, matokeo yake yakatoka 2010, ukishasawazisha umri walipata wagonjwa wapya kama 108 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka kule Hai na kama 316 hapa Dar. Hizo ni namba kubwa sana, na ya Dar inapita za nchi nyingi tajiri. Na watu hawa wakitoka wodini wanakwenda wapi? Wanakwenda nyumbani. Nauli ya bajaji kwenda na kurudi kliniki inashinda hela ya kula ya siku, kwa hiyo anakuja leo, anapotea mwezi, anakuja mkono umeshakunjamana. Shirika la Afya Duniani wanasema watu bilioni 2.4 duniani wana hali ambayo ingefaidika na huduma za utengamao, yaani za kumrudishia mtu uwezo wake kama hizi zetu, sisi hapa hatuwezi kumfikia hata jirani wa kliniki kila wiki. Ule mwezi wa katikati, kati ya ziara na ziara, ndo tiba yenyewe inapofanyika au inapokufa, na ndo hapo kifaa kina nafasi kwetu kuliko hata kwa hao waliokivumbua.

Ila kije kwa masharti ya huku. Mgonjwa wangu ana kitochi, hana simu kubwa, na mwenye simu kubwa ni mjukuu anayeondoka nayo asubuhi. Kwa hiyo kifaa kihifadhi data chenyewe mpaka siku ya kliniki, kisitegemee bando. Chaji ikae angalau wiki, umeme unakatika. Kivumilie maji na povu, maana mtu wetu anafua kwa mikono na anachukua udhu mara tano. Kikiharibika kuwe na mtu wa kukitengeneza hapahapa, Moshi pale wamekuwa wakifundisha watu wa viungo bandia tangu 1981, mikono ya kutengeneza vitu vya wagonjwa tunayo. Na ripoti iwe karatasi moja inayoingia kwenye faili: saa za mkono mzima, saa za mkono mgonjwa, uwiano wa leo, uwiano wa ziara iliyopita. Basi. Mkitaka kuweka grafu ziwekeni kwenye ripoti zenu za chuo.

Kwa wenzangu, naomba kitu kimoja tu. Msikubali kifaa chochote kuingia kliniki kwenu kabla hamjakubaliana, kwa maandishi, kwamba namba ikiwa hivi tunafanya hivi na ikiwa vile tunafanya vile. Kama mezani mmekosa majibu ya hilo, kirudisheni kwenye boksi, sio dhambi.

Na nyie wahandisi, tuanze na kidogo. Waliopata kiharusi, mkono, miezi mitatu ya kwanza wakiwa nyumbani, vikanda viwili. Tutatafuta wagonjwa watakaokubali, na kibali cha maadili tutakiomba pamoja. Ila mkanda wa kwanza njooni nao haujamaliziwa, tuujaribu na wazee wenyewe, mtu aufunge kwa mkono mmoja sisi tukiwa tumekaa tunaangalia hatusaidii. Kliniki tunafungua saa moja na nusu, foleni inaanza saa mbili, hiyo nusu saa ni yenu siku yoyote mtakayotaka.

Asanteni sana, nipo tayari kwa maswali.